Neno "get": tazama kinachofuata

Fungua kamusi yoyote ya Kiingereza na Kiswahili, na kwenye "get" utakuta "pata" imekaa mbele. Si uongo. "I got a job" ni nimepata kazi, "she got a letter" ni alipata barua, na kama mambo yangeishia hapo, kusingekuwa na haja ya mwongozo huu. Lakini siku moja unamsikia mtu akisimulia: "I got home late, got changed, got something to eat and got to bed." Hapo "pata" inakwama. Mtu huyo alifika nyumbani kachelewa, akabadili nguo, akatafuta cha kula, akaenda kulala. Sisi tumehitaji vitenzi vinne, yeye kimoja.

Ninaandika kwa ajili ya yule ambaye Kiingereza cha vitabuni anakimudu. Barua ya maombi ya kazi anaiandika bila kosa, lakini mgeni akizungumza kwa kasi, au filamu ikiwa haina maandishi chini ya picha, "get" zinampita kushoto na kulia. Chanzo cha tatizo ni shuleni. Wengi wetu tulifundishwa kuikwepa "get": mwalimu aliikata kwa wino mwekundu akaandika "receive" au "obtain" juu yake. Kwa insha alikuwa na haki yake. Kwa mazungumzo alitunyima neno ambalo Waingereza na Wamarekani hawapitishi dakika bila kulitumia.

Usianze kwa kukariri maana zake. Wahariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford walipokipitia upya kitenzi "run" walifikisha maana zaidi ya 600, na "get" nayo si haba. Hakuna kichwa cha kubeba orodha ya namna hiyo. Shika jambo moja tu: "get" yenyewe haina uzito mkubwa, uzito uko katika neno linaloifuata. Kiswahili hufanya kazi hiyo mwishoni mwa kitenzi. Tunasema pika, pikia, pikwa, pikika, pikisha, na kila mwisho mpya unaleta uhusiano mpya. Kiingereza hakina minyambuliko ya aina hii, kwa hiyo huvituma vitenzi vidogo vikafanye kazi hiyo, na "get" ndiyo inayotumwa zaidi. Mengi tunayoyasema kwa -wa, -ka, -ia na -isha, wao huyasema kwa "get" pamoja na kitu kingine. Kazi yako ni kukitambua hicho kitu kingine.

Ikifuatwa na nomino

Hapa ndipo "pata" inapoishi, pamoja na jamaa zake: nunua, pokea, chukua, leta. "Where did you get those shoes?" ni viatu hivyo umenunua wapi. "I got your message" ni nimeupata ujumbe wako. Zikifuatana nomino mbili, ya kwanza ikiwa mtu, basi ni ile kauli yetu ya kutendea: "get me some water" ni niletee maji, "I got my mother a phone" ni nimemnunulia mama simu. Na kama anayefuata ni mtu peke yake, kwa kawaida anaitwa au anafuatwa: "get your brother" ni kamwite kaka yako, "get a doctor" ni mwite daktari.

Kuna mbili zinazowashangaza wageni. Mlango ukigongwa au simu ikilia, mwenye nyumba husema "I'll get it", maana yake mlango ataufungua yeye au simu ataipokea yeye. Na mgahawani bili ikifika, mwenzako akisema "I'll get this", atalipa yeye. La kujibu ni asante tu.

Halafu ipo ya kuelewa, ambayo kwetu haina ugeni. Kwenye simu tunaulizana "unanipata?", na jibu ni "nakupata". Kiingereza nacho kina "I get you", "I don't get it", "did you get the joke?". Tofauti ni ndogo lakini inasikika: wao hawaiweki katika hali ya kuendelea. "I'm getting you" na "are you getting me?" zimeenea kwetu, na sisi kwa sisi tunaelewana, ila ukiwa na Mwingereza sema "I get you", au uliza "do you see what I mean?".

Sasa mtego. Kwa kuwa "pata" na "get" zinakutana mara nyingi, tunadhani zinakutana kila mahali. "Pata" yetu ina njia zake: kisu kikali tunasema kinapata, na mtu mabaya yakimfika tunasema yamempata. Njia hizo "get" haizifuati. Makosa ninayoyasikia zaidi ni mawili. La kwanza, "he got an accident". Ajali kwa Kiingereza mtu huwa nayo: "he had an accident". La pili, "she got a baby", ambapo wao husema "she had a baby". Hali kadhalika chakula cha mchana, "we had lunch", na taabu ya kufanya jambo, "I had trouble finding the place". Kupata mimba ni "get pregnant", si "get pregnancy", kwa sababu Kiingereza kinataka kivumishi pale. Magonjwa yenyewe hayana shida: "get malaria" na "get flu" ni sawasawa.

Ikifuatwa na kivumishi

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo Kiswahili chetu kinapotuponza, na pia ndipo kinapoweza kutuokoa.

"Get" ikifuatwa na kivumishi huonyesha kuingia katika hali fulani. Sisi kwa hali nyingi tuna kitenzi kamili: kuchoka, kukasirika, kulewa, kunenepa, kuzeeka, kulowa, kupoa, kutajirika. Kiingereza kina kivumishi tu, kisha "get" ndiyo inayokisogeza: get tired, get angry, get drunk, get fat, get old, get wet, get cold, get rich. Mashabiki wa 50 Cent wanaijua hii ya mwisho tangu albamu yake ya 2003, "Get Rich or Die Tryin'". Neno la pili la jina hilo ndilo linalokwambia kwamba "get" pale ni kutajirika.

Ugumu uko kati ya "be" na "get". Tofauti yake ni ileile iliyopo kati ya kuwa katika hali na kuingia katika hali, na Kiswahili huionyesha kwa viambishi vya njeo. Nimechoka: hali ipo tayari, kwa hiyo "I'm tired". Nachoka, au naanza kuchoka: hali inaingia, kwa hiyo "I'm getting tired". Nilichoka upesi: hali iliingia wakati fulani, "I got tired quickly". Nilikuwa nimechoka: "I was tired". Tulifundishwa kwamba -me- ni "have", na mara nyingi ni kweli, lakini kwa vitenzi hivi vya hali -me- hutaka "am", "is" na "are". Chai imepoa, "the tea is cold". Chai inapoa, "the tea is getting cold", yaani karibu unywe. Amelewa, "he's drunk". Analewa, "he's getting drunk", na pengine bado mnaweza kumwondoa mezani.

Mahali tunapotumia "zidi", "get" hupenda kukaa na kivumishi cha kulinganisha. Bei inazidi kupanda: "prices are getting higher". Mgonjwa anaendelea vizuri: "she's getting better". Hali inazidi kuwa mbaya: "it's getting worse". Giza linaingia: "it's getting dark". Kuna pia "it's getting late", ambayo kwa maneno ni saa zimekwenda, lakini kwa kazi yake ni namna ya kuaga. Mgeni huitumia akitaka kuondoka bila kuonekana ana haraka. Ukiisikia kutoka kwa mwenyeji wako, chukua kofia yako.

Si kila kivumishi kinakubali. Mtu akipofuka ni "go blind", akiota upara ni "go bald", chakula kikichacha ni "go bad" au "go off". Usingizi unamwangusha mtu: "fall asleep", na "get asleep" haipo. Hizi chache zikariri, kwa kuwa hazina kanuni ya kuaminika.

Ikifuatwa na kitenzi cha kutendwa

Get paid, get fired, get caught, get arrested: lipwa, fukuzwa kazi, fumaniwa au naswa, kamatwa. Get lost, get hurt, get stuck: potea, umia, kwama. Unaona kwamba Kiingereza hakijali kama kwetu ni -wa au ni kitenzi cha aina nyingine; vyote kinavifunga kwa kamba moja. Hata kuoa na kuolewa, ambako sisi tunatenganisha kwa makini nani kafanya nini, kwao ni "get married" kwa wote wawili. Kihusishi chake ni "to": "she got married to a teacher". Kwa sababu tunasema kufunga ndoa na fulani, ulimi unakimbilia "with". Uzuie.

Kwa nini wasiseme "was" tu? Kwa sababu "was" inaweza kuwa hali au tukio. "They were married in 1998" inaweza kumaanisha walifunga ndoa mwaka huo, au mwaka huo walikuwa tayari mke na mume. "They got married in 1998" haina utata, ni harusi. Tena "get" ya aina hii hupenda mambo yanayomfika mtu ghafla, hasa ya hasara, na mambo ya kila siku. Mambo ya heshima na ya mipango mirefu huyaachia "was". Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, "was built". Ukisema "got built" msikilizaji atadhani unafanya utani.

Kufanyiwa na kufanyizisha

Mtu anarudi kutoka kinyozi anasema "I cut my hair". Kwetu nimenyoa haina tatizo. Kila mtu anajua kwamba hukushika mkasi mwenyewe. Kiingereza kinayachukua maneno hayo kama yalivyo: ulijikata nywele, labda mbele ya kioo. Unachotaka kusema ni "I got my hair cut", au "I had my hair cut". Nimesuka ni "I got my hair braided". Nimeshonesha suti ni "I got a suit made", na nimetengenezesha simu ni "I got my phone fixed". Angalia mpangilio wake, kwa sababu ndio ufunguo wote: "get", kisha kitu, kisha kitenzi cha kutendwa. Kila ukisikia kitu kimekaa katikati namna hiyo, jua kuna fundi nyuma ya sentensi.

Au mwizi. Mpangilio huohuo hubeba mikosi: "I got my wallet stolen" ni niliibiwa pochi, na hakuna atakayedhani ulimwajiri mwizi. "I got my finger caught in the door" ni kidole kilibanwa mlangoni. Muktadha unatosha kukuambia kama ni huduma au ni mkosi.

Kama aliyekaa katikati ni mtu na baada yake kuna "to", basi ni kushawishi: "I got him to sign" ni nilimbembeleza mpaka akasaini. Hapa inafaa kuitofautisha na "make". "I made him sign" ni nilimlazimisha, na haitaki "to". Tofauti hiyo si ndogo ukiwa unaeleza mbele ya wakili jinsi mkataba ulivyosainiwa.

Safari na vihusishi

"Get to" na mahali ni kufika: "we got to Dodoma at six". Ila home, here na there hazitaki "to". Sema "I got home", kamwe si "I got to home".

Vyombo vya usafiri vina utaratibu ambao ukiuelewa hutauliza tena. Chombo unachoweza kusimama ndani yake ukatembea, kama basi, treni, ndege au meli, ni "get on" kupanda na "get off" kushuka. Unachokikalia kama farasi, yaani baiskeli au bodaboda, vilevile. Unachokiingia kwa kuinama ukakaa, kama gari dogo, teksi au mtumbwi, ni "get in" na "get out". Ukitaka kushuka kituo kinachofuata, "I'm getting off at the next stop" ndiyo inayotamkwa na abiria wa kawaida. "Alight", ambayo sisi tunaipenda, wao huiacha ibandikwe kwenye matangazo ya stesheni.

Kuhusu "get out", kuna kisa kidogo chenye ladha kwetu. Filamu ya Jordan Peele ya mwaka 2017 inaitwa "Get Out", toka, ondoka. Wimbo wa mwanzo wake, uliotungwa na Michael Abels, unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga" na umeimbwa kwa Kiswahili. Unamwonya kijana wa kwenye filamu. Watazamaji wengi wa Marekani waliusikia kama uvumi wa sauti za kutisha tu. Wa Tanga aliyekaa katika ukumbi uleule alikuwa ameshaambiwa kabla ya hadithi kuanza kwamba mambo si shwari.

Vihusishi vingine huleta maana ambazo mahali hapaonekani tena. Nitataja zile tu zinazokutana na Kiswahili vizuri, maana hizo hazisahauliki. "Get along" au "get on with someone" ni kupatana: "they don't get along", hawapatani. "I couldn't get through" ni kumkosa mtu kwenye simu, mteja hapatikani. Ona "pata" yetu ilivyorudi mara mbili, na viambishi vyake. "We're getting by" ni tunasukuma siku, riziki inatosha kwa shida. "He got away with it" ni alikosa na hakuna aliyemwadhibu. "What are you getting at?" ni unataka kusema nini hasa, na huulizwa kwa jicho kali kidogo. "Get over" ni kupona au kulimaliza jambo moyoni, lakini "get over it" ukimwambia mtu usoni ni ukali, haifai kwa aliyefiwa wala kwa mkubwa wako.

Got, gotten, gotta

"I've got two children" ni nina watoto wawili, haina habari ya kupata. Swali lake ni "have you got any children?" au "do you have any children?", na kuzichanganya ukapata "do you have got" ni kosa. Wakati uliopita ni "I had".

"I've got to go" ni lazima niende. Katika nyimbo na mazungumzo ya haraka inakuwa "gotta". Usiichanganye na "I got to meet her", ambayo ni nilibahatika kukutana naye. Ya kwanza ni sharti, ya pili ni bahati. Sikiliza kama kuna "have" au "'ve" mbele, na kama haisikiki, tazama uso wa msemaji.

"Gotten" ni ya kizamani iliyobaki hai Marekani na kufifia Uingereza. Kwa Mmarekani, "I've gotten a car" ni nimepata gari, na "I've got a car" ni ninalo gari. Kama unafanya mtihani unaofuata Kiingereza cha Uingereza, iache.

Lini uikwepe kweli

"Get" ililetwa Uingereza na watu wa Skandinavia, wale Waviking waliohamia kaskazini na mashariki mwa nchi hiyo kuanzia karne ya 9. "Receive" na "obtain" zilipitia Kifaransa, lugha ya watawala waliokuja baada ya ushindi wa Wanormandi wa 1066. Mgawanyo huo haujafutika: nyumbani "get", ofisini na mahakamani "receive". Kwa hiyo katika barua rasmi, ripoti na insha ya mtihani, andika received, obtained, became, arrived. Mwenzako wa kazini mjibu "got it, thanks". Lakini anayesema "I obtained some tomatoes at the market" anasikika kama anayesoma hati ya mahakama, na hilo ni kosa la lugha sawa na mengine, hata kama sarufi yake ni safi.

Adabu nayo ina sehemu yake. "Get me some water" ni amri. Kiswahili hulainisha kwa naomba, Kiingereza hulainisha kwa swali: "could you get me some water, please?". Kwenye duka la kahawa utasikia vijana wakiagiza kwa "can I get a coffee?". Ni ya Kimarekani, imevuka bahari, na Waingereza wa umri mkubwa bado inawakera. Ukiwa kwao, "can I have" haimkeri yeyote.

Kwa mazoezi, chukua mazungumzo ya filamu au tamthilia uipendayo, yale yaliyoandikwa, dakika kumi zinatosha. Pigia mstari kila "get" na "got", na pembeni andika kitenzi kimoja cha Kiswahili, bila kutumia "pata" mara mbili mfululizo. Pale kitenzi kinapokataa kuja, kwa kawaida umelikodolea macho neno lenyewe. Sogeza jicho kulia.